Kijipicha Ndani ya Picha: Historia ya Nakala Isiyo na Mlezi

Karibu kila picha inayotoka kwenye kamera ya dijitali, na nyingi zinazotoka kwenye simu, ni picha mbili ndani ya faili moja. Ipo ile kubwa anayoijua mwenye kamera, na ipo nyingine ndogo, kwa kawaida ya pikseli 160 kwa 120, iliyokaa karibu na mwanzo wa faili kabla data ya picha kubwa haijaanza. Mwaka 2002 waandishi wa programu za seva walipata njia rahisi ya kuichomoa hiyo ndogo na kuituma kwa msomaji: amri moja ya lugha ya PHP, exif_thumbnail, na kazi imekwisha. Maelezo yaliyozoeleka ni kwamba kijipicha hicho kiliwekwa ili kurasa zenye picha nyingi zifunguke upesi, na kwamba kilipitwa na wakati seva zilipopata nguvu. Naona maelezo hayo yanakosea mwanzo na yanakosea mwisho. Kijipicha hakikutengenezwa kwa ajili ya wavuti. Kilitengenezwa kwa ajili ya kamera yenye prosesa dhaifu na skrini ndogo, na seva zilikiazima tu. Aliyekiweka hakuwajibika nacho tena kadi ikishatolewa kwenye kamera. Aliyekiazima hakuwa na namna ya kujua kama bado kinasema kweli. Matatizo karibu yote yaliyokifuata mtandaoni yanatokana na pengo hilo kati ya wawili hao.

Ushahidi wa kwanza ni skrini. Kamera ya dijitali ya kubebeka aliyoiunda Steven Sasson katika kampuni ya Kodak mwaka 1975 haikuwa nayo. Ilipiga picha ya pikseli 100 kwa 100, ikachukua sekunde 23 kuiandika kwenye kaseti, na aliyetaka kuiona alilazimika kuipeleka kaseti kwenye mashine nyingine iliyounganishwa na televisheni. Kifaa cha namna hiyo hakina haja na kijipicha, maana hakina pa kukionyesha. Haja ilikuja na Casio QV-10, iliyoingia sokoni mwaka 1995 ikiwa na skrini ya inchi 1.8 mgongoni na kumbukumbu ya megabaiti 2 iliyobeba picha 96 za pikseli 320 kwa 240. Sasa mnunuzi wa kawaida aliweza kupiga picha, akaitazama papo hapo, akarudi nyuma kutafuta ya jana, akafuta ile iliyomharibikia. Kupekua kukawa sehemu ya kupiga picha. Kamera zilizofuata zikapanda haraka kwa idadi ya pikseli, lakini skrini zikabaki ndogo, prosesa zikabaki dhaifu na betri zikaisha upesi. Kuifungua picha nzima iliyobanwa kwa JPEG, kuipunguza ili itoshe kwenye skrini ya inchi mbili, kisha kurudia hivyo mara tisa ili picha tisa zionekane kwa pamoja, ilikuwa kazi ya kumchosha mwenye kamera kwa kusubiri. Njia ya mkato ilikuwa kuitengeneza ndogo wakati uleule wa kupiga, pikseli zote zikiwa tayari zimo kwenye kumbukumbu, na kuiweka akiba pamoja na kubwa. Hata vipimo vyake vinasema kilikotoka: 160 kwa 120 ni robo ya 640 kwa 480 kila upande, na uwiano wa nne kwa tatu ni uwiano wa televisheni za enzi hizo.

Mtu anayeijua historia ya JPEG atanipinga hapa, na pingamizi lake lina uzito. Mwezi Septemba 1992, zaidi ya miaka miwili kabla ya QV-10 kuuzwa, Eric Hamilton wa kampuni ya C-Cube Microsystems alitoa toleo la 1.02 la JFIF, maelezo mafupi ya namna ya kuihifadhi picha ya JPEG kwenye faili ili ihamishike kutoka kompyuta moja hadi nyingine. Katika kichwa cha faili hiyo kuna baiti mbili, moja ya upana na moja ya urefu wa kijipicha, na nafasi ya kukiweka hapohapo. Kwa hiyo wazo lilikuwepo kabla ya skrini ya kamera, na lilikuwepo kwa ajili ya kompyuta na mitandao. Ni kweli. Lakini tazama lilichozaa. Kijipicha cha kawaida cha JFIF huandikwa bila kubanwa, baiti tatu kwa kila pikseli, hivyo kile cha 160 kwa 120 kingekula baiti 57,600, wakati picha nzima iliyobanwa vizuri kwa ajili ya mtandao wa simu wa wakati huo ingeweza kuwa ndogo kuliko hiyo. Toleo hilohilo liliruhusu pia njia ya kukibana, lakini wachache waliifuata. Vivinjari vya wavuti vilipoanza kuonyesha JPEG, havikukitazama kabisa. Ukikagua faili za JFIF za miaka ile hadi leo, zile baiti mbili mara nyingi sana ni sifuri na sifuri. Wazo la mwaka 1992 lilikuwa mlango uliowekwa kwenye ukuta bila mtu wa kuupitia. Aliyehitaji kupita alikuwa mtengenezaji wa kamera, naye alijenga mlango wake.

Mlango huo ni Exif. Chama cha viwanda vya elektroniki vya Japani, JEIDA, kilitoa toleo la kwanza mwaka 1995. Badala ya kubuni mpangilio mpya, waliazima ule wa TIFF, muundo wa picha uliotolewa na kampuni ya Aldus mwaka 1986, wakauingiza ndani ya sehemu ya JPEG ambayo kiwango chenyewe kimeiacha huru kwa matumizi ya programu mbalimbali. Mwaka 1998 yakaja mambo mawili: Exif 2.1, na pamoja nayo kanuni ya mfumo wa faili za kamera, DCF. DCF ndiyo inayofanya kila kadi iwe na folda iitwayo DCIM, ndiyo inayoamuru jina la picha liwe na herufi nne na tarakimu nne, na ndiyo iliyokata shauri kwamba kijipicha kitakuwa cha pikseli 160 kwa 120, si zaidi na si pungufu. Sababu ya amri hiyo kali inafaa kuzingatiwa. Lengo lilikuwa kadi iliyopigwa kwenye kamera ya kampuni moja isomeke kwenye kamera ya kampuni nyingine, au kwenye mashine ya kuchapisha dukani, hata kama vifaa hivyo havielewi picha kubwa ya mwenzake. Kijipicha kilikuwa kiwango cha chini kabisa cha maelewano kati ya washindani wa Tokyo na Osaka. Katika hesabu hiyo seva haimo.

Kulikuwa na njia nyingine, na naiona kuwa bora kiufundi, ingawa ilishindwa. Kodak walikuwa na desturi ya kuitazama picha kama ngazi. Photo CD yao ya mwaka 1992 iliiweka kila picha iliyoskaniwa kutoka kwenye filamu kwa ukubwa wa aina tano, kuanzia pikseli 192 kwa 128 hadi 3072 kwa 2048, ili televisheni ichukue ya kwake na mchapaji achukue ya kwake. Mwaka 1996, wakishirikiana na Hewlett-Packard, Microsoft na Live Picture, walitoa FlashPix, ambamo kila picha hufuatwa na nyingine yenye nusu ya upana na nusu ya urefu, kisha nusu ya hiyo, hadi chini kabisa, zote zikiwa zimekatwa vigae vya pikseli 64 kwa 64. Gharama yake kwa idadi ya pikseli ni theluthi moja tu juu ya picha yenyewe. Seva ingeweza kutoa ukubwa wowote bila kukokotoa chochote, na wavuti ilikuwa mawazoni mwao waziwazi. FlashPix ilikufa kwa sababu faili zake zilikuwa na muundo mzito, na kwa sababu JPEG ilikuwa tayari inafunguka kila mahali. Muundo uliofikiriwa kwa ajili ya mtandao ukazikwa. Kijipicha kilichofikiriwa kwa ajili ya skrini ya inchi mbili kikabaki. Ajabu ni kwamba kaburi lake lipo ndani ya mshindi: hadi leo Exif inadai kila picha itaje toleo la FlashPix inaloliunga mkono, na kamera zinaandika 0100 kwa utiifu, kwa ajili ya muundo ambao hakuna anayeufungua.

Tazama sasa kitu chenyewe kwa karibu. Ukiifungua faili ya picha kwa programu inayoonyesha baiti tupu, mbili za kwanza ni FF D8, alama ya kuanza kwa JPEG. Zinafuata FF E1, alama ya sehemu ya Exif, kisha baiti mbili za urefu wa sehemu hiyo, kisha herufi E, x, i, f na sifuri mbili. Halafu inaanza TIFF iliyoazimwa: herufi II au MM, zikisema kama namba zimeandikwa kwa mpangilio wa prosesa za Intel au wa Motorola, na namba 42 ya kuthibitisha. Kutoka hapo kuna saraka ya kwanza, orodha ya maelezo ambayo kila moja lina baiti 12: mtengenezaji, aina ya kamera, mwelekeo wa picha na mengineyo. Mwisho wa saraka kuna baiti nne zinazoelekeza ilipo saraka ya pili, na ya pili ndiyo ya kijipicha. Ndani yake, lebo 0201 inasema kinaanzia wapi na lebo 0202 inasema kina baiti ngapi. Nenda mahali hapo na utakutana tena na FF D8. Ni JPEG kamili ndani ya JPEG, inayoweza kukatwa na kuhifadhiwa peke yake bila kuguswa. Na kwa kuwa urefu wa sehemu nzima umeandikwa kwa baiti mbili, sehemu yote haiwezi kuzidi baiti 65,535. Kijipicha hakikuruhusiwa kukua pamoja na kamera. Kamera za pikseli milioni 24 zimeendelea kukiandika kilekile cha enzi za pikseli laki tatu.

Seva ziliingia katika habari hii kwa mlango wa nyuma. Mwezi Desemba 1999 Matthias Wandel, mhandisi wa Kanada ambaye siku hizi anajulikana zaidi kwa useremala, aliandika jhead, programu ndogo ya kusoma maelezo ya Exif. Rasmus Lerdorf, aliyeianzisha PHP, aliihamishia katika lugha yake, kisha Marcus Boerger akaipanua sana. Toleo la PHP 4.2.0 lilipotoka Aprili 2002 lilikuwa na exif_thumbnail: unaipa jina la faili, inakurudishia baiti za kijipicha, nawe unatanguliza kichwa kinachotaja aina yake na kuzimwaga kwa kivinjari. Kwa nini watu waliipokea kwa furaha? Jibu liko kwenye hesabu ya kumbukumbu. Njia ya kawaida ya kutengeneza picha ndogo katika PHP ilikuwa maktaba ya GD, ambayo huifungua picha yote na kutumia baiti nne kwa kila pikseli. Kikomo cha kawaida cha kumbukumbu kwa kila ombi kilikuwa megabaiti 8, hadi toleo la 5.2 la mwaka 2006 lilipokipandisha. Picha ya pikseli 1600 kwa 1200 inadai baiti 7,680,000, yaani karibu kikomo chote kabla ya programu yenyewe kupata chake. Picha ya 2048 kwa 1536 inadai zaidi ya milioni 12.5, na hapo ukurasa unakatika njiani. Mwenye tovuti aliyepanga nafasi kwenye seva ya kuchangia na wateja wengine hakuwa na ruhusa ya kukibadilisha kikomo. Amri ya Exif, kwa upande wake, ilisoma kilobaiti chache tu za mwanzo na kumaliza. Alikuwa haazimi kwa uvivu. Aliazima kwa sababu alikuwa maskini wa kumbukumbu.

Hata hivyo palikuwa na kijipicha kingine kwenye faili ileile, kisichoweza kusema uongo, na kukosekana kwake katika PHP ndiko kunakonishawishi kwamba mambo hayakupangwa. JPEG huigawa picha katika vipande vya pikseli 8 kwa 8, na kwa kila kipande namba ya kwanza hubeba wastani wa rangi ya kipande chote. Ukizichukua namba hizo za kwanza peke yake na kuacha nyingine zote, unapata picha ileile ikiwa imepunguzwa mara nane kila upande: ya 1600 kwa 1200 inakuwa 200 kwa 150, karibu kabisa na kijipicha cha kamera. Maktaba ya libjpeg ya kikundi cha Independent JPEG Group, kilichoongozwa na Tom Lane, iliweza kufungua picha kwa namna hiyo tangu miaka ya 1990, na kumbukumbu iliyohitajika ilikuwa sehemu moja tu ya 64. GD ilikuwa imejengwa juu ya libjpeg hiyohiyo. Lakini amri ya PHP ya kufungua JPEG haikumpa mwandishi wa programu njia ya kuiomba. Ilifungua picha nzima au haikufungua kitu. Nakubali kwamba njia hiyo ina gharama: lazima faili isomwe hadi mwisho, kwa hiyo inaokoa kumbukumbu kuliko inavyookoa muda. Lakini matokeo yake yanatokana na picha yenyewe. Ukiikata picha, kijipicha kinakatika. Waandishi wa PHP walipewa nakala ya kuazima na wakanyimwa nakala ya haki, si kwa sababu mtu alizipima mbili akaamua, bali kwa sababu mmoja alikuwa tayari ameandika jhead.

Tofauti hiyo kati ya nakala mbili ilitoka kwenye nadharia ikawa aibu ya hadharani mwaka 2003. Mtangazaji wa kipindi cha televisheni cha teknolojia nchini Marekani aliweka kwenye tovuti yake picha alizozikata ili zionyeshe uso tu. Programu ya kuhariri ilikuwa imeikata picha kubwa na kukiacha kijipicha kama kilivyokuwa, na watu waliokichomoa wakaona picha nzima, pamoja na yale aliyokusudia kuyaondoa. Mwishoni mwa 2004, katika mkutano wa wadukuzi wa Chaos Communication Congress mjini Berlin, Maximillian Dornseif na Steven Murdoch walionyesha kwamba halikuwa tukio la bahati mbaya la mtu mmoja: walikuwa wamekusanya picha za JPEG kutoka wavuti kwa wingi na kulinganisha kila picha na kijipicha chake, wakitafuta zilizopishana. Kilichohitajika kufanya kazi hiyo si ujuzi wa kuvunja kufuli. Ni uwezo uleule wa kuchomoa kijipicha ambao kila mwandishi wa tovuti alikuwa nao.

Watetezi wa Exif husema kosa hapo ni la programu za kuhariri, na kiwango hakina lawama. Sikubali moja kwa moja. Exif iliandikwa na watengenezaji wa kamera kwa ajili ya kamera. Inaeleza kwa undani jinsi kamera inavyopaswa kuandika, lakini ulimwengu wa watu watakaoigusa faili baadaye umeachwa nje ya picha. Upande wa pili, desturi ya JPEG inasema programu ikikuta sehemu isiyoifahamu, iiruke. Mwandishi mwangalifu wa programu ya kuhariri, aliyetaka asipoteze tarehe na jina la kamera ya mteja wake, aliiruka sehemu ya Exif na kuinakili kama ilivyo kwenye faili mpya. Alikuwa na adabu, na adabu hiyo ndiyo iliyokihifadhi kijipicha cha zamani. Aliyekuwa mzembe na kuitupa Exif yote hakumdhuru mtu. Pale ambapo kanuni inamwadhibu mwangalifu na kumsamehe mzembe, ni vigumu kusema kasoro ni ya watumiaji peke yao.

Dalili nyingine za asili ya kamera zilijitokeza kila mahali seva ilipokitumia. Kamera za kitaalamu hupiga kwa uwiano wa tatu kwa mbili, lakini kijipicha lazima kiwe nne kwa tatu. Hivyo picha inakaa katikati kwa urefu wa pikseli kama 107, na juu na chini kunabaki mistari myeusi, ambayo kwenye skrini ya kamera haionekani kitu lakini kwenye ukurasa mweupe wa tovuti inaonekana kama msiba. Picha iliyopigwa kwa kuishika kamera wima ina lebo ya mwelekeo kwenye saraka ya kwanza, lakini baiti za kijipicha zimelala ubavu, na exif_thumbnail inazitoa vilevile zilivyo. Uzito zaidi uko kwenye usalama. Kamera husoma kadi iliyoandikwa na kamera, seva husoma faili iliyopakiwa na mtu yeyote duniani. Mwezi Desemba 2004 PHP ililazimika kutoa toleo la 4.3.10 kuziba, pamoja na mengine, pengo la kusoma Exif ambalo lingeweza kumpa mgeni nafasi ya kuendesha msimbo wake kwenye seva. Mwaka uliofuata likaja la 4.3.11, safari hii kwa sababu mtu angeweza kutunga faili yenye saraka ndani ya saraka ndani ya saraka mpaka seva iishiwe nguvu. Mpangilio wa saraka zinazoelekezana ulikuwa na maana kwa Aldus, waliohitaji kubeba picha za skana za kila aina. Kwa seva ulikuwa maelekezo ya njia yaliyoandikwa na mtu usiyemjua.

Pingamizi la mwisho ni la manufaa: hata kama kilikuwa cha kuazima, kijipicha kilisaidia watu wenye mkondo mwembamba wa intaneti, na hilo latosha. Sehemu kubwa ya Afrika Mashariki ilitegemea setilaiti hadi kebo ya SEACOM ilipoanza kazi Mombasa na Dar es Salaam Julai 2009, kwa hiyo hoja hii inatuhusu. Chukua ukurasa wa picha 20 kwa mkondo wa kilobiti 64 kwa sekunde. Vijipicha vya kilobaiti 6 kila kimoja vinafika vyote kwa sekunde 15. Picha zenyewe, za kilobaiti 800 kila moja, zinachukua zaidi ya nusu saa, ambayo kwenye kafe ya intaneti ni pesa ya mtu. Tofauti ni kubwa mno kupuuzwa. Lakini kilichomsaidia msomaji huyo ni udogo wa picha. Kama ilitolewa na kamera au ilitengenezwa na seva, kwake ilikuwa mamoja. Kampuni kubwa zililielewa hilo mapema. Flickr, iliyoanza mwaka 2004 kwa PHP, haikutegemea kijipicha cha kamera. Picha ilipopakiwa tu ilitengenezewa nakala za ukubwa mbalimbali, pamoja na ya mraba wa pikseli 75 na ndogo ya pikseli 100, zikahifadhiwa. Facebook walifuata njia hiyo hadi mwisho wake: mwaka 2010 wahandisi wao walieleza kwamba kila picha iliyopakiwa ilihifadhiwa kwa ukubwa wa aina nne, hivyo picha bilioni 65 zikawa faili bilioni 260, zaidi ya petabaiti 20. Huko ndiko wazo la ngazi la Kodak lilikofufukia, safari hii kwa gharama ya seva. Na nakala hizo zina mlezi, maana aliyezitengeneza ndiye anayezitumia, na picha ikibadilishwa anazitengeneza upya.

Kwa hiyo kilichoondoka ni ile azima tu. Kijipicha chenyewe hakijafa. Kamera bado zinakiandika kwa sababu bado zina skrini mgongoni. Faili ghafi za kamera za kitaalamu hubeba JPEG kubwa zaidi ya hakikisho, na wapiga picha wa michezo huchagua picha za kutuma magazetini kwa kuitazama hiyo kupitia programu kama Photo Mechanic, kwani kuzifungua faili ghafi mia kadhaa kati ya kipindi cha kwanza na cha pili haiwezekani. Hayo ni matumizi yaleyale ya mwaka 1995, yenye haraka ileile. Matumizi mapya yako kwa wachunguzi wa picha bandia. Mwaka 2010 Eric Kee na Hany Farid wa chuo cha Dartmouth walionyesha kwamba kila mtengenezaji ana namna yake ya kukipata kijipicha, jinsi anavyokata, anavyopunguza, anavyonoa na anavyobana, na kwamba namna hiyo inaweza kupimwa na kulinganishwa na kamera inayotajwa kwenye maelezo ya faili. Picha inayodai kutoka kamera fulani huku kijipicha chake kikiwa na alama za programu ya kuhariri imepita mkononi mwa mtu. Kasoro iliyowaumiza watu wa tovuti, yaani kijipicha kubaki nyuma picha inapobadilika, ndiyo inayowafaa wachunguzi. Tatizo lao ni kwamba picha nyingi huwafikia kupitia WhatsApp au Facebook, ambako zimeshafunguliwa, zikapunguzwa na kuandikwa upya, na Exif yote imetupwa pamoja na kijipicha chake. Isipokuwa aliyezituma awe amezituma kama dokumenti, na faili zikafika na baiti zake zote.